Mama Yako Ana Habari?

Ugomvi wao wa kwanza ulikuwa juu ya njugu.

Hiyo ilikuwa wiki ya pili tangu wanafunzi sita wakutane Temeke, wawili kutoka Uganda, wawili kutoka Kenya na wawili wenyeji wa Tanganyika. Kila mmoja aliacha likizo yake ili waandike pamoja kitabu kidogo cha malezi, kitakachosomewa kina mama wa nchi zote tatu. Sura ya chakula cha mtoto aliyeachishwa ziwa ilipewa watu wawili. Mmoja alikuwa Mwamvita binti Kondo, mwanafunzi wa ualimu, mtoto wa papo hapo Temeke. Wa pili alikuwa Muhdhar, aliyekuwa akisomea udaktari Kampala lakini kwao Mombasa, kijana mrefu wa Kiarabu, mwenye sauti ya chini na mwandiko mzuri kama wa karani wa kadhi.

Muhdhar aliandika: "Mama atwange njugu, azitie katika uji wa mtoto."

Mwamvita akasoma, akacheka.

"Njugu gani hizi?"

"Njugu ni njugu."

"Sie huku njugu ni njugu mawe. Hizo zako zinaitwa karanga."

"Karanga ni zilizokwisha kukaangwa."

"Hata zikiwa bado zimo ardhini, kaka yangu, ni karanga."

Muhdhar hakukubali. Alisema Kiswahili cha Mombasa kilikuwapo kabla Temeke haijawa na nyumba. Mwamvita akamwambia basi asome hivyo hivyo mbele ya kina mama wa zahanati, tuone. Akasoma. Baada ya siku tatu mama mmoja akaja amenuna: amechemsha njugu mawe kutwa nzima, kuni zimekwisha, na mtoto katema vyote.

Wenzao wakaangua kicheko. Mwamvita naye alikuwa tayari kucheka, lakini Muhdhar alisimama mbele ya wanawake wapatao ishirini, akasema, "Kosa ni langu, mama. Mwenzangu huyu aliniambia, mimi nikajiona najua zaidi. Nisamehe." Kesho yake akamletea yule mama mzigo wa kuni mwenyewe, begani.

Mwamvita hakuwahi kumsikia mwanamume akisema maneno hayo mbele ya wanawake. Mpaka siku hiyo alikuwa akitazama daftari la Muhdhar tu. Kuanzia hapo akaanza kumtazama mwenye daftari.

Wiki zikapita. Wakakaa pamoja kila asubuhi kwenye baraza ya zahanati, meza moja, wino mmoja, na katikati yao daima yuko Bernadeta, mwanafunzi wa uuguzi kutoka Masaka, ambaye alijipa kazi ya kuwa ukuta. "Nyie andikeni," alikuwa akisema, "mimi nitahesabu mara mnazotazamana." Na kweli kulikuwa na cha kuhesabu. Mkono ukinyooshwa kuchukua kalamu hurudi upesi kama umegusa kaa la moto. Mtu akisoma sentensi kwa sauti, mwingine husahau kusahihisha. Mwamvita alijua njia ya kutoka zahanati mpaka kwao kwa Mzee Kondo ni dakika kumi. Siku hizo alikuwa akitumia nusu saa, akipita polepole kwenye mikorosho, akikumbuka neno moja moja.

Siku moja, Bernadeta akiwa ameenda kunywa maji, Muhdhar alisema bila kuinua macho, "Mwamvita, mimi nataka nije kwenu."

"Kwetu kuna nini?"

"Kuna baba yako."

Mwamvita akajifanya anafuta wino. "Na kwenu kuna nani?"

"Kuna mama. Baba alifariki nikiwa mdogo."

"Basi mwandikie mama kwanza. Mie si mtu wa kuolewa pembeni."

"Nitamwandikia."

Wiki iliyofuata alimuuliza, akajibu amekwisha kuandika. Wiki nyingine akamuuliza tena, akajibu barua bado haijarudi. Mwamvita akaamini. Kwa nini asiamini? Huyu ndiye mtu aliyekiri kosa la njugu mbele ya umma.

*

Alhamisi ya mwisho ya Agosti, mwaka ule wa hamsini na tano, walisoma sura yao kwa mara ya mwisho kabla ya kuipeleka kwenye taipu. Baraza ilijaa. Shangazi yake Mwamvita, Bi Mwanabaraka, naye alikuja, amempakata mjukuu wa jirani ili aonekane ana sababu ya kuwapo.

Mwamvita ndiye aliyesoma. Alipofika ukurasa wa tatu akapunguza mwendo.

"Mama, mwanao akivimba miguu, na nywele zake zikageuka rangi, usimfiche. Watu watakuambia umembemenda. Si kweli. Hukufanya kosa lolote. Mtoto amekosa chakula cha kumjenga mwili. Mlete tumwone."

Kina mama wakatazamana. Neno hilo lilikuwa limewagombanisha yeye na Muhdhar kwa siku mbili nzima. Muhdhar alisema kubemenda ni neno la chumbani, haliandikwi kitabuni. Watu kulala pamoja mama akiwa ananyonyesha ni jambo linalonong'onwa, na kitabu kitaonekana hakina haya. Mwamvita alimjibu, "Ndilo neno wanalotukanwa nalo. Tukilikwepa, watajua na sie tunaliamini." Bernadeta akasema kwao pia maradhi hayo yana jina, na jina hilo pia linamtupia mama lawama. Mwisho Muhdhar alichukua kalamu akaliandika mwenyewe.

Sasa mama mmoja kutoka Keko, aliyekuwa akija kila wiki na kukaa mbali, mtoto kamfunika kanga gubigubi, alisimama. Akasogea mpaka mezani. Akafunua kanga. Mtoto alikuwa na miguu iliyojaa kama mikate na nywele nyepesi, nyekundunyekundu.

"Mie waliniambia nimejitakia," alisema. "Mama mkwe hanipi hata maji."

Muhdhar alimpokea yule mtoto, akambonyeza mguu taratibu kwa kidole gumba, akasema, "Mama, huyu atapona. Ungekuja mwezi ujao nisingekuambia hivyo." Kisha akainua uso akamtazama Mwamvita, na katika mtazamo ule hakukuwa na daftari wala ukuta wa Bernadeta. Kulikuwa na mtu anayemshukuru mtu.

Bi Mwanabaraka aliuona mtazamo ule. Akambeba mjukuu wa jirani, akaondoka bila kuaga.

Watu walipotawanyika, Mwamvita akakusanya karatasi. "Jibu la mama?"

"Bado," alisema Muhdhar, akitazama sakafu. "Lakini meli ni Jumatatu. Siwezi kuondoka hivi hivi. Jumamosi baada ya alasiri nitakuja na mjomba Muhsin."

Mzee Muhsin alikuwa mwenye duka la nafaka karibu na msikiti, binamu yake mama Muhdhar, na ndiye aliyempa kijana mahali pa kulala miezi yote miwili. Watu wa Temeke walimheshimu. Mwamvita akaona jambo limekaa sawa.

*

Jumamosi Bi Mwanabaraka alifagia ua mara mbili, na kila mara alikuwa akisema na ufagio.

"Shangazi, kuna nini?"

"Hakuna. Watu wanakuja kwetu, tunafagia."

"Shangazi."

Bi Mwanabaraka akaweka ufagio ukutani. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mwendo wa mtu asiyeharakishwa na yeyote. "Mwamvita, unajua kwa nini mie naishi kwa kaka yangu?"

"Kwa kuwa uliachika Bagamoyo."

"Hilo ndilo unalolijua. Kaa hapo." Mwamvita akakaa kwenye kinu kilicholazwa. "Mie niliolewa na mtoto wa watu kama hawa. Kijana mzuri, msomi wa chuoni, ananipenda mpaka mate yanamkauka. Alinioa kwa shehe na mashahidi wawili, akasema mama yake atampasha habari polepole. Akampasha. Miaka minne nimekaa nyumba ile nikila jikoni. Wageni wakija naambiwa nirudi ndani. Siku moja nikamsikia mamake anamwambia mgeni, 'Huyo ni mpishi wetu.' Na mume wangu yupo, anakunywa kahawa. Hakusema kitu."

"Alikuwa hakupendi."

"Alikuwa ananipenda!" Bi Mwanabaraka alisema kwa ukali. "Hilo ndilo nataka ulielewe. Alikuwa ananipenda kabisa. Usiku alilia akiniomba radhi. Asubuhi akanywa kahawa tena. Mpaka talaka ikaja kwa karatasi, imeletwa na mchukuzi wa mizigo."

Mwamvita akashika mkono wa shangazi yake. Ulikuwa na ubaridi wa maji aliyonyunyizia ua.

"Muhdhar hayuko hivyo, shangazi. Yeye amekwisha kumwandikia mama yake."

"Inshallah," alisema Bi Mwanabaraka, akachukua ufagio.

*

Walikuja baada ya sala ya alasiri. Mzee Kondo, baba yake Mwamvita, fundi seremala, aliacha randa yake, akanawa, akavaa kanzu, akawakaribisha ukumbini. Mwamvita na shangazi walikaa nyuma ya pazia la mlango, na kahawa ikapelekwa na Bi Mwanabaraka mwenyewe, ambaye kisha alirudi kukaa.

Salamu zilikuwa ndefu. Waliulizana hali, mvua, bei ya mbao, hali tena. Hatimaye Muhdhar akakohoa.

"Baba, nimekuja na haja. Nimekaa na binti yako kazini miezi miwili. Sijaona kwake ila heri. Nataka, kwa idhini yako, nimuoe."

Mzee Kondo akamgeukia Mzee Muhsin. "Jirani, huyu kijana anajisemea mwenyewe. Nyie kwenu mshenga hasemi?"

Mzee Muhsin aliweka kikombe chini taratibu. "Mzee Kondo, sie tumejuana miaka kumi na mitano. Sitaki kukudanganya. Mie leo nimekuja kama jirani. Sikuja kama mshenga."

"Maana yake nini?"

"Maana yake mwulize mwenyewe."

Nyuma ya pazia Mwamvita alihisi mkono wa shangazi ukimshika kifundo cha mkono.

Mzee Kondo akamgeukia kijana. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama fundi anayeuliza kipimo cha mlango. "Mama yako ana habari?"

Nje jogoo wa jirani aliwika saa isiyo yake. Mwamvita alijibu moyoni kwa niaba ya Muhdhar: *Ana habari. Nimemwandikia. Jibu liko njiani.* Alikuwa akimsukumia maneno kupitia pazia. Muhdhar akatazama lile pazia kama anayejua hasa ni wapi alipo msichana.

"Hana habari," alisema.

"Hujamwandikia?"

"Nimeandika mara nne, baba. Sijaipeleka posta hata moja."

Bi Mwanabaraka alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, akaachia kifundo cha Mwamvita.

Mzee Kondo akavuta pumzi. "Kijana, mie ni fundi. Mtu akija kwangu anataka mlango, namuuliza nyumba yake iko wapi. Wewe unataka mwanangu, nyumba yako haijui kwamba kuna mtu anaingia. Mie nilimsomesha huyu mtoto watu wananicheka. Waliniambia msichana wa Kizaramo ataitia wapi elimu. Sikumsomesha aende akafichwe."

"Sitamficha, baba."

"Umekwisha kumficha."

Mzee Muhsin akanong'ona, "Nilikuambia, Muhdhar."

Hapo pazia likafunguka. Haikuwa desturi, na Bi Mwanabaraka alijaribu kushika ncha ya kanga, lakini Mwamvita alikwisha kutoka. Alisalimia, "Shikamoo Mzee Muhsin." Kisha akasema, "Baba, naomba ruhusa niseme naye. Uani, shangazi akiwapo."

Mzee Kondo alimtazama binti yake. Alimwona ana macho makavu, na hilo lilimtia wasiwasi kuliko machozi.

"Maneno machache," alisema.

*

Uani Bi Mwanabaraka alikaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akawapa mgongo. Wawili wale walisimama na kamba ya nguo katikati yao.

"Ulinambia umeandika," alisema Mwamvita.

"Niliandika."

"Usichezee maneno. Mie nilikuuliza kuhusu jibu. Wiki tatu nimekuuliza, na wiki tatu umenifanya nisubiri jibu."

"Naam."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Uliogopa mama yako, au uliona haya kwa ajili yangu?"

Muhdhar hakujibu haraka. Kama angejibu papo hapo, jibu lolote tamu, Mwamvita angelipokea, maana alikuwa analitamani. Alikuwa yuko tayari kudanganywa mara moja tena tu, ile ya mwisho.

"Vyote viwili," alisema Muhdhar.

Mgongo wa Bi Mwanabaraka ulinyooka.

"Mwamvita, wallahi nikikaa na wewe mezani sioni haya yoyote. Najiona nimepata bahati. Lakini nikishika kalamu kumwandikia mama, namwona amekaa na dada zake, barua inasomwa, na wao wanauliza, binti wa nani, ukoo gani, rangi gani. Na mkono wangu unakuwa mzito. Hapo ndipo nilipojua kwamba haya imo ndani yangu, si ndani yao tu. Nikajichukia. Nikaichana ile barua. Nikaanza nyingine."

"Na ukaja hapa leo ukitaka nini?"

"Nilitaka tuoane kabla ya Jumatatu. Nikasema mama akiona jambo limekwisha atalikubali."

"Kwa shehe na mashahidi wawili," alisema Mwamvita polepole.

"Naam."

Mwamvita akageuza uso. Kwenye kamba ya nguo kulikuwa na kanzu ya kazi ya baba yake, ina viraka viwili begani. Akaishika kama anayeikagua imekauka.

"Alhamisi ulimwambia yule mama wa Keko angechelewa mwezi mmoja usingeweza kumwambia mwanawe atapona. Unakumbuka alikuwa anamficha kwa sababu gani? Kwa sababu ya maneno ya watu. Tumekaa miezi miwili, Muhdhar, watu sita kutoka nchi tatu, tunawaambia wanawake wasiojua hata kusoma wafunue kanga zao mbele za watu. Na wamefunua. Wewe daktari umeshindwa na stempu."

Muhdhar akainamisha kichwa. Machozi yalimdondoka, hakuyafuta.

"Basi unanifukuza."

"Sikufukuzi. Nenda kwa mama yako. Usimwandikie. Kaa mbele yake umwambie jina langu, na jina la baba yangu, na kazi yake, na kwamba mie ni Mzaramo wa Temeke, na kwamba shangazi yangu aliwahi kuitwa mpishi. Mwambie yote. Akikataa, jua wewe utafanya nini. Mie sitakuamulia."

"Na wewe? Utanisubiri?"

Hilo lilikuwa swali gumu kuliko yote. Mwamvita alimtazama usoni, macho yale aliyoyazoea juu ya karatasi, akaona kwamba bado anampenda, na kwamba kumpenda hakukumzuia kumkasirikia hata kidogo. Vyote viwili vilikuwa vimesimama ndani yake.

"Mie nina kazi," alisema. "Mwezi ujao naanza mazoezi ya kufundisha. Nitakuwa hapa hapa. Sisemi nakusubiri. Nasema nitakuwa hapa."

"Mwamvita..."

"Maneno machache, baba alisema. Kwaheri, Muhdhar."

Alipita nyuma ya shangazi yake akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba, na hapo ndipo alipolia, kanga mdomoni, ili mtu yeyote asisikie. Lakini Bi Mwanabaraka alisikia. Alibaki pale pale juu ya mbuzi ya nazi, bila nazi, mpaka adhana ya magharibi.

*

Jumatatu Mwamvita hakwenda bandarini. Bernadeta ndiye aliyekwenda, maana yeye na mwenzake wa Uganda walipanda meli moja na Muhdhar mpaka Mombasa, waunge na treni. Kabla ya kuondoka alipita kwa Mzee Kondo kuaga. Yeye na Mwamvita walikumbatiana kwa muda.

"Muhdhar ameomba jina lake litolewe kwenye sura yenu," alisema Bernadeta. "Anasema hastahili."

"Liache," alisema Mwamvita. "Aliifanyia kazi. Kazi ni kazi."

"Una hasira?"

"Ninayo. Na liache."

Bernadeta akatabasamu. "Basi nitamwambia umesema hivyo hivyo, na hasira yako nitampelekea."

Septemba ikaingia. Mwamvita akaanza kufundisha wasichana wa darasa la pili, asubuhi chaki, jioni madaftari. Alijifunza kupita kwenye mikorosho kwa dakika kumi. Watu wa mtaa, ambao hawakosi kujua, walisema mambo yao kisimani. Wengine walisema Mwarabu kamkimbia. Mwamvita aliteka maji yake akaenda zake. Yule mama wa Keko alimsimamisha siku moja njiani amwonyeshe mwanawe, sasa anatembea, nywele zinaanza kuwa nyeusi kwenye mashina. Mwamvita alimbeba mtoto, akashangaa jinsi alivyo mzito, akafurahi kweli, na njia nzima ya kurudi akatamani mtu mmoja tu wa kumwambia habari hiyo.

Wiki ya tano barua ikaja. Mzee Muhsin aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, akaitoa mfukoni kwa mikono miwili.

"Imetumwa kwangu, lakini ni yako. Mie sikuifungua."

Haukuwa mwandiko wa Muhdhar. Barua ilikuwa imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, wino mzito, mistari imepanda kidogo kuelekea mwisho, mwandiko wa mtu aliyejifunza zamani na haandiki mara nyingi. Mwamvita alisoma Kurani vizuri, lakini mwandiko huu usio na irabu ulimshinda. Katika nyumba ile mtu mmoja tu aliweza kuusoma. Alikuwa amejifunza Bagamoyo.

"Shangazi," alisema Mwamvita. "Nisomee."

Bi Mwanabaraka aliitazama karatasi kama nyoka. Kisha akavuta mkeka, akakaa, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Alianza kwa kukwama, halafu sauti yake ikashika njia.

"Kwa Mwamvita binti Kondo. Baada ya salamu. Mimi ni Samiha, mamake Muhdhar. Mwanangu alifika kwangu siku ya Jumatano, akakaa mbele yangu, hakula, akanambia mambo yako yote. Akanambia na uongo aliokwambia. Nami nilikasirika sana, sikuficha. Nilikasirika siku tisa. Dada zangu wamesema waliyosema, nami nimesema mengine ambayo sitaki kuyaandika. Siku ya kumi nikamuuliza, ukikosa radhi yangu utafanyaje? Akanambia, nitakuomba tena kesho, na kesho kutwa, lakini sitamuoa kwa siri wala sitaoa mwingine. Mtoto huyu tangu udogo wake hajapata kunikatalia neno."

Bi Mwanabaraka akatua.

"Endelea, shangazi."

"Sisemi ndiyo. Sisemi la. Mimi mtu wa kuona kwa macho yangu. Yuwanambia kwamba wewe ulimkataa mpaka anikabili. Nataka nimwone msichana aliyemrudisha mwanangu kwangu. Maulidi yakisha nitakuja Dari Salama, inshallah, nifikie kwa Muhsin. Nitakuja nyumbani kwenu, nitakaa na wazee wako, na huyo shangazi yako, nimesikia habari zake, nitataka kukaa naye ukumbini tule sahani moja. Kisha tutazungumza. Wasalaam."

Mzee Kondo alikuwa amesimama mlangoni na randa mkononi, vumbi la mbao kwenye nyusi, naye alikuwa amesikia kutoka neno la kwanza. Mwamvita alihisi kifua chake kimefunguka na kuumia kwa wakati mmoja. Haikuwa ndiyo. Huenda mama yule akaja, akatazama, akasema la. Huenda mwenyewe Mwamvita, akimwona tena Muhdhar, akagundua ile hasira imebaki kubwa kuliko alivyofikiri. Lakini jina lake lilikuwa limetamkwa ukumbini Mombasa, mchana, na mtu aliyekuwa na haya ya kulitamka.

Bi Mwanabaraka aliikunja barua kwa mikunjo yake ile ile, akaishikilia mapajani muda mrefu. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni naye hajayatambua. Alipoinuka aliinuka kwa haraka isiyo yake.

"Kondo!" alimwita kaka yake. "Usisimame hapo kama mlingoti. Maulidi yenyewe wiki tatu. Huu ukumbi upakwe chokaa, na ile meza yenye mguu mbovu itengenezwe. Na mie nataka kanga mpya."